Utafiti Kuhusu Kazi ya Shangazi

Bwenini, 4 Februari

Kwa Shangazi, somo yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe na kompyuta zako? Huku tu wazima, ila mafua yameingia bwenini; akikohoa mmoja, chumba kizima tunaitikia. Baba na mama nimewaacha wanabishana kuhusu paa la jiko, kwa hiyo ujue wana afya. Bibi yupo, anakusalimia.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu hapa ni marufuku. Mwaka jana dada mmoja alikutwa ameficha yake ndani ya mkate, akapelekwa kwao na mkate wake. Matroni hufungua barua zote, zinazoingia na zinazotoka, anasoma mpaka sahihi. Ukijibu, na yeye msalimie.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wa kompyuta ametaka kila mmoja achague kazi anayotamani kuifanya, aitafiti, aandike ripoti. Nusu ya darasa wamechagua udaktari, waliobaki urubani. Mimi nikasema uhandisi wa vifaa vya kompyuta. Wakacheka. Mmoja akauliza kama ni yule anayepangusa vumbi kwenye kibodi. Nikawaambia shangazi yangu ndiye mhandisi wa kwanza katika ukoo wetu, tena mimi nimepewa jina lake. 

Kwa hiyo usiniangushe, Shangazi. Nieleze unachofanya tangu unaingia kazini mpaka unatoka, ulisomea nini, na kazi yenyewe ina uzuri gani na ubaya gani. Ubaya usiache. Mwalimu anasema utafiti usio na ubaya ni tangazo la biashara.

Halafu hili la kwangu, nje ya utafiti: utakuja lini? Mara ya mwisho nilipokuona nilikuwa kibogoyo, meno ya mbele yametoka. Sasa nimekuwa mrefu kuliko mama.

Mimi somo yako,
mtoto wa kaka yako.


Karakana, 9 Machi

Somo yangu,

Marahaba. Mzima mimi, ila mgongo. Matroni, salaam, mtoto akikosea msahihishe tu, usione haya.

Barua yako ilikaa mapokezi muda mrefu. Uliandika juu ya bahasha "Mhandisi Mkuu," mlinzi akadhani ni mtu mwingine, akawa anamtafuta. Hapa mimi naitwa Mama Lifti.

Ndiyo, lifti. Kaka yangu amewaambia watu wote ninatengeneza kompyuta, na mimi nikamwacha na furaha yake. Hajadanganya, ila kompyuta yangu haina kioo wala kibodi. Ni bodi ya kijani, ukubwa wa sinia ndogo, imefungiwa ndani ya sanduku la chuma juu kabisa ya jengo. Mtu akibonyeza ghorofa ya saba, bodi inauliza: lifti iko wapi? Mlango umefunga? Uzito umezidi? Ikiridhika, inaruhusu mota izunguke. Isiporidhika inakamata breki, na lifti inasimama hapo hapo ilipo. Kwa hiyo andika hivi: mhandisi wa vifaa huanza kufikiria kitu kitaharibika vipi, ndipo afikirie kitafanya kazi vipi. Watu wengi hawawezi kuishi na akili ya namna hiyo. Wachumba wawili walinikimbia kwa sababu hiyo.

Nilisomea umeme, hesabu na fizikia. Ukiikimbia fizikia umeikimbia kazi. Lakini bodi hizi zenyewe nilifundishwa na mzee aliyezibuni, tukimwita Babu Waya. Mungu amrehemu. Alipokufa nikabaki mimi peke yangu niliyezijua.

Kutwa nachora saketi, nalehemu, napima, nakosea, napima tena. Ila asubuhi kuna kazi ambayo hutaikuta kwenye kitabu. Kila chipu hutoka kiwandani imeandikwa jina lake mgongoni, na fundi akilisoma jina anajua kazi yake. Tajiri wetu hataki bodi zake ziigwe. Basi chipu zikishalehemewa, nachukua msasa, nayasugua majina yote mpaka chipu zinabaki nyeusi tupu. Fundi mwingine akifungua lile sanduku haelewi kitu. Anafunga, anapiga simu kwetu, na kwetu maana yake ni kwangu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakusema vikikwama anaamshwa nani.

Swali lako la ubaya nitalijibu siku nyingine, karatasi imeisha.

Kuja nitakuja, likizo nimeomba. Sasa na mimi nikuulize. Umeandika "Bibi yupo." Hata kabati lipo. Mama yangu anakula? Anatembea? Anasema nini?

Shangazi yako.


Bwenini, 28 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, sasa ni chawa. Baba alikuja siku ya wazazi, paa la jiko limeshinda kesi, halijatengenezwa.

Bibi anakula. Uji anamaliza, na anatembea mpaka uani bila mkongojo. Anakusalimia sana. Amesema uvae nguo nzito asubuhi, na uache tabia yako ya kupanda juu ya vitu.

Barua yako nimeisoma mbele ya darasa, isipokuwa pale pa wachumba. Mwalimu ameipenda mno. Matroni ameipenda zaidi, anasema tangu siku ile hapandi lifti bila kupiga bismillahi. Ila nimeona umeniambia karatasi imeisha na upande wa pili ulikuwa mweupe wote.

Halafu nina habari njema. Mwalimu anataka utafiti uwe na pande mbili, mfanyakazi na mwajiri. Basi nimemwandikia Tajiri wako kwa anwani iliyo kwenye bahasha yako. Nimeandika kwa adabu kabisa, Matroni mwenyewe ndiye aliyeniwekea mikato. Nimemuuliza anatafuta mtu wa sifa gani. Nimemwambia unavyonifundisha vizuri kwa barua, kwamba bodi zenu nimeanza kuzielewa, hata ile kazi ya msasa umenieleza, na kwamba mimi ndoto yangu ni kuketi kwenye meza yako.

Nadhani atafurahi kusikia unavyosifiwa na watu wa kwenu.

Somo yako.


Karakana, 2 Mei

Somo,

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa kwa kalamu.

Habari ya msasa haisemwi nje ya karakana. Nilikwambia wewe kwa sababu ni damu yangu na kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuzungumza na mtu. Kosa ni langu, sikukukanya. Lakini mtoto, umwandikie mwajiri wangu bila kuniuliza?

Tajiri aliniita ofisini, barua yako iko mezani mbele yake. Nikajua leo nafukuzwa. Nikwambie ukweli, ngazi zile nilizipanda kwa furaha, moyoni nimeshaanza kukunja nguo zangu. Nikamkuta anacheka. Akasema, "Mama Lifti, kumbe una mrithi na unatuficha." Akanisomea barua yako kwa sauti, pale pa ndoto akapasoma mara mbili.

Mtu wa nje hamwamini, anasema atajifunza kisha atauza siri. Lakini wewe ni wa kwangu. Basi atakulipia chuo, kisha utamfanyia kazi miaka kumi, meza yako ubavuni mwa yangu. Nikamuuliza, na mimi? Akasema siku utakapoweza kutengeneza bodi peke yako, mimi nachukua likizo hata ya mwaka mzima.

Uliuliza ubaya wa kazi yangu. Haya, upande wa pili wa karatasi huu hapa. Tangu Babu Waya afe, naomba likizo kila mwaka, na kila mwaka jibu ni lile lile: nani atashika? Siruhusiwi kutoka nje ya mji huu. Simu ya kazi naoga nayo, imewekwa juu ya beseni. Baba yangu alipofariki nilifika watu wameshatawanyika, nikakaa kutwa moja, simu ikalia, nikarudi. Ndiyo siku ile uliyoniona, na wewe kibogoyo.

Usimwambie baba yako habari za Tajiri. Niache kwanza nifikiri.

Mama vipi? Mwambie tabia ya kupanda juu ya vitu ndiyo inayonilisha.

Shangazi.


Nyumbani, 6 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe. Nimekaa na barua yako muda mrefu nikitafuta pa kuanzia, mpaka shule imefungwa.

Umechelewa kunikanya. Tajiri alimpigia baba simu mwenyewe, sijui namba aliipata wapi, nadhani uliiandika ulipoajiriwa. Nilipofika nyumbani nilimkuta baba amenyoa ndevu. Ameshawaambia jirani wa kulia na wa kushoto, na yule wa mbele asiyeongea naye amemtumia mtu amwambie. Mama naye amenishonea sketi mbili za kuendea mjini.

Na mimi nataka, Shangazi. Sitaki nikufiche. Waliomaliza shule kabla yangu wanakaa vibarazani wanachezea simu, na wenye akili kuliko mimi wamo. Baba chuo hakiwezi. Sijawahi kuona mlango mwingine uliofunguliwa kwa ajili yangu, hata wa uani.

Tena fikiria. Mimi nikija, wewe unatoka. Ndicho ulichokuwa unaomba miaka yote. Nitakaa, nitashika simu, wewe utarudi ukae na Bibi. Tunabadilishana tu. Naona imenyooka kabisa, sijui wewe unaona wapi imepinda.

Bibi hajambo. Jana tulikaa naye uani akanisuka. Mikono yake bado inajua njia, hakuvuta sana. Anakusalimia kama kawaida, anasema usikae na njaa kazini.

Somo yako.


Karakana, 30 Juni

Somo yangu,

Mwambie wifi sketi ni nzuri lakini zivaliwe hapo hapo. Jibu langu ni hapana.

Nimemwambia Tajiri hapana. Nimempigia kaka nikamwambia hapana, akanikatia simu, na huyo ni mtu niliyembeba mgongoni. Basi wewe angalau nisikilize mpaka mwisho.

Wiki iliyopita lifti ilikwama katika jengo moja la ofisi, katikati ya ghorofa mbili. Ndani alikuwa mama mmoja peke yake na mifuko ya sokoni. Niliongea naye kupitia upenyo wa mlango kabla sijapanda kwenye bodi. Analia polepole, kwa aibu, kama mtu anayelia kwenye nyumba ya watu. Akaniuliza, "Wewe nani?" Nikasema fundi. Akasema, "Usiondoke." Nikamwambia lazima niende juu ndipo utoke. Akasema najua, lakini usiondoke.

Hilo ndilo neno la mji huu mzima kwangu. Tajiri hana mnyororo wa kunifunga. Angekuwa nao ningeukata zamani, vifaa ninavyo. Kinachonishika ni kwamba nikizima simu, kuna mtu atapiga kelele ndani ya sanduku la chuma na hakuna mwingine anayejua chipu ipi ni ipi. Tajiri hilo analijua. Ndiyo maana hanitishi wala hapandishi sauti. Ananiuliza tu kwa upole, nani atashika?

Sasa wewe unataka kuja kushika. Unasema tunabadilishana. Mimi nitatoka, nitakaa barazani kwetu na mama, na kila simu ikilia kwa jirani nitajua ni wewe unaitwa. Utakosa harusi, utakosa misiba, na baada ya miaka kumi atakuuliza kama huna mtoto wa kaka. Hapo ndipo imepinda.

Nina umri wa kusema hili bila kupamba: nimechoka, na nataka kutoka kuliko unavyotaka kuingia. Lakini siwezi kutoka kwa kukuingiza wewe. Usiniombe tena.

Shangazi yako.


Bwenini, 19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe umesoma, una kazi, una jina kwenye mji mzima, ndipo unaniambia chakula kina chumvi. Mimi sijaonja.

Baba amemkubalia Tajiri bila wewe. Nikimaliza mtihani wa mwisho mwezi wa Novemba naletwa huko, na wamekubaliana utanifundisha upende usipende, kwa sababu wewe ni mwajiriwa.

Utafiti nimeukabidhi. Mwalimu alisimama nao darasani, akaniuliza swali moja: katika haya yote, huyu shangazi kazi yake anaipenda?  Umeniambia ubaya wote, na hilo hukuniambia.

Mimi.


Karakana, 11 Oktoba

Somo yangu,

Umenikasirikia, vizuri. Mtu asiyekasirika kwa ajili ya shule yake hafai kupelekwa shule. Ila barua yako haikuwa na salamu za mama hata moja. Ugomvi wetu usimguse yeye.

Mwambie mwalimu wako naipenda. Naipenda mpaka naona haya. Bodi iliyokufa inapowasha taa yake ndogo, na chini kabisa nasikia mota imeanza kuvuma, sijapata raha inayofanana na hiyo. Ndiyo sababu sikukujibu. Kazi ningeichukia ningekuwa nimeshaondoka, na wewe usingekuwa na cha kutafiti.

Sasa nikueleze nilichofanya tangu barua yako ya Agosti. Matroni, hili ukilisoma lisahau.

Kila ninapoitwa, nikimaliza kutengeneza sifungi sanduku. Natoa kalamu ya wino mweupe, naandika juu ya kila chipu jina lake, na pembeni yake kazi yake, kwa maneno ambayo fundi umeme yeyote atayaelewa. Jengo kwa jengo. Pengine lifti si mbovu, nasema nimekuja kukagua. Nawaita mafundi wa majengo wenyewe, nawaonyesha: hii inasoma mlango, hii inashika breki, hii ikizeeka hudanganya kuhusu uzito. Wanashangaa ni rahisi kiasi hicho. Mmoja juzi alinipigia simu, nikaanza kuvaa viatu. Kumbe hakuwa ananiita. Lifti yake ilikwama, ameitengeneza mwenyewe, anataka kujisifu. Nilikaa chini kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikacheka peke yangu.

Tajiri hajui. Wenye lifti huzipanda ndani, hawapandi juu yake. Siku akijua, hatakuwa na siri ya kulinda wala sababu ya kunishika mimi, na wewe hatakuwa na haja ya kukununua. Mwisho wa mwezi namwekea simu yake mezani, naondoka. Ukiletwa Novemba hutanikuta, na bila mimi hapa hakuna wa kukufundisha wala cha kufundishwa.

Chuo utakwenda kwa kuomba nafasi kama wenzako, na mimi nitakusaidia kuomba. Huenda tukakosa. Lakini ukipata, ukitoka hapo utakuwa wa kwako mwenyewe.

Nakwenda nyumbani kwa mama. Usimwambie mtu, kaka atanizuia na mama atakesha. Nataka niingie mlangoni nione uso wake.

Shangazi.


Bwenini, 27 Oktoba

Shangazi wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, na leo leo naandika, nimeomba ruhusa nitoke kwenye masomo ya jioni. Nakuomba radhi kwa ile ya Agosti, lakini hilo tutaliongea siku nyingine. Kuna jambo lazima lifike kabla hujaondoka.

Usiende nyumbani peke yako. Nisubiri.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akinitania, ananiita mke mwenzangu, ananifukuza jikoni kwake? Mwaka jana aliacha. Nilirudi likizo, akanipokea mlangoni akaniita mwanangu, akaniuliza mbona leo kazini wametoa ruhusa mapema. Nilidhani ni utani mpya. Akanishika uso, akasema nimepungua, hizo kompyuta zitaniua. Ndipo nikaelewa ananiona mimi ni wewe. Jina moja, sura wanasema moja, basi.

Mara ya kwanza nilimsahihisha. Alihangaika sana, akatoka mpaka barabarani kukutafuta. Baba akasema mwache aamini, si anafurahi. Mama akasema nisikuandikie, ukijua utakuja mbio na kazi itaharibika. Nikawa wewe. Kila likizo naingia mlangoni nikiwa wewe, na kila nikirudi shuleni ananiaga kama mtu aendaye kazini.

Salamu nilizokuletea sikuzitunga, Shangazi. Vaa nguo nzito, usipande juu ya vitu, usikae na njaa. Alinipa mimi kwa kinywa chake, na mimi nilijua si zangu, nikakutumia. Agosti nilikuwa na hasira, nikazikalia. Nimejuta.

Watu wengine hawatambui tena. Mama yangu anamwita "dada wa dukani." Sijui atakuonaje wewe, naogopa. Mtihani wangu unaisha katikati ya Novemba. Tukutane stendi, tuingie pamoja, mimi nitakushika mkono nimwambie taratibu.

Matroni ameisoma hii hapa mbele yangu. Hajaweka mkato hata mmoja, ameniambia nibandike haraka.

Somo yako.


Nyumbani, 8 Novemba

Somo yangu,

Salaam kutoka kitandani kwako, maana ndipo nilipolazwa. Sijui kama uliniandikia baada ya ile barua yangu ya Oktoba. Kama uliandika, imefika karakana na mimi sipo. Niliondoka mapema kuliko nilivyokwambia. Tajiri alipanda juu ya jengo moja na mteja, akaona maandishi meupe. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Sasa utakwenda wapi?" Nikamwekea simu yake mezani nikasema nakwenda kwa mama.

Amempigia kaka, ahadi ya chuo imekufa. Kaka hanisemeshi. Chumvi ananipitishia kupitia kwa wifi, na wifi yuko upande wangu ila kwa kunong'ona. Atapoa. Asipopoa, nitamsubiri.

Nilifika mchana. Mama alikuwa amekaa uani anachambua mchele. Amekuwa mdogo, somo. Nilipiga magoti, nikamshika miguu, shikamoo mama. Akaitikia vizuri sana, akaniuliza natokea kwa nani.

Nikasema, "Mama, ni mimi mwanao."

Akacheka kwa adabu, kama anavyocheka na wageni wasijione wamekosea. Akasema, "Binti yangu ninaye mmoja tu, na hana hata mvi. Yuko kazini, anatengeneza kompyuta. Mtoto yule ana upendo, hakosi likizo hata moja. Juzi tu alikuwa hapa nikamsuka."

Niliingia jikoni nikalia begani kwa wifi mpaka nikamlowesha. Ndipo akanieleza, akidhani nitawagombeza. Nilikasirika, sitasema uongo. Nilikukasirikia hata wewe, usiku mmoja mzima. Miaka yote Tajiri ananiuliza nani atashika, na mimi namjibu hakuna. Kumbe huku kwetu mtu alikuwa ameshapatikana, na kazi anaifanya vizuri.

Sasa mimi ni mgeni wa nyumba hii. Mama amenipa kiti kile kizuri, hataki nishike ufagio. Asubuhi namwogesha, ananishukuru kila kiungo, ananiombea Mungu anijalie mtoto kama wake. Naitikia amina.

Fanya mtihani wako kwa utulivu, fizikia usiiogope. Ukimaliza njoo moja kwa moja. Ukifika usiniite shangazi mbele yake, na usimsahihishe. Ingia, kaa chini miguuni pake, mpe kichwa akusuke. Mimi nitakaa kwenye kiti cha mgeni, nisikie mama anavyozungumza na mimi.

Shangazi yako.